Kichaka Kilichouawa na Moto

Sisi walimu twaulizwa mara nyingi: nyika ikiungua, kisha mvua ya kwanza ikairudishia ukijani wake, moto umeharibu nini? Twajibu kwamba ukijani ule ni wa nyasi, ambazo mizizi yake haikufa. Vichaka vina hesabu nyingine.

Na tutazame milima ya Rasi, Afrika ya Kusini, ambako jambo hili limechunguzwa sana. Mti uitwao Protea cynaroides una kisiki kinene chini ya udongo. Moto ukila matawi, huchipuka tena pale pale. Lakini ndugu yake, Protea repens, ambao maua yake hujaa maji matamu, ukiungua hufa kabisa. Urithi wake ni mbegu zilizofungwa ndani ya vichwa vya maua vilivyokauka. Mama akiisha kufa, vichwa hufunguka, mbegu huanguka penye majivu, na mvua za majira ya baridi huziotesha.

Hapo ndipo hesabu ianzapo. Mche hautoi ua mwaka wa kwanza wala wa pili. Kwa kawaida hukaa kama miaka minne au mitano. Wala ua la kwanza halitoshi, maana mbegu zake ni chache. Kwa hiyo wasimamizi wa milima hutumia kipimo hiki: moto usipite tena mpaka nusu ya mimea ya aina ichelewayo kuliko zote iwe imechanua misimu mitatu.

Moto mkubwa ulipita huko Machi 2015. Kama ungalirudi mahali pale pale mwaka 2017, ungaliikuta miche haijazaa, na mama zake wamekwisha kufa, ukoo ungalikatika. Lakini hatusemi kwamba moto ni adui siku zote: vichaka hivyo visipoungua miaka mingi huzeeka na kufa, na mbegu zake hupotea bure.

Wapenzi wasomaji, vichaka vyetu si vile vya Rasi, wala tusiazime hesabu yao. Tumewaagiza wanafunzi wetu watie alama mahali palipoungua, waangalie ni kipi kichipuacho kisikini na kipi kiotacho kwa mbegu, kisha wahesabu miaka mpaka ua la kwanza. Awashaye moto kila mwaka bila kujua hesabu hiyo, huenda anawanyima nyuki wake chakula cha miaka ijayo.