Sauti ya gita: ushindani wa Ujerumani, bei ya Dar es Salaam

Hapa Ujerumani mpiga gita anayetafuta kifaa cha kidijitali cha kuiga amplifaya hugombaniwa na wauzaji. Nyumbani Tanzania, ambako kifaa hicho kingemfaa zaidi, ni yeye anayehangaika kumtafuta muuzaji.

Kifaa chenyewe hakina makuu. Unachomeka gita upande mmoja, upande wa pili unaunganisha na mikisa, na spika za ukumbi zinatoa sauti kana kwamba nyuma yako kuna amplifaya kubwa ya valvu. Line 6 ya Marekani iliwazoesha watu mwaka 1998 kwa POD, kijisanduku chekundu chenye umbo la harage. Mwaka 2011 Kemper, kampuni ya hapa Ujerumani, ikaleta Profiler, inayosikiliza amplifaya yako mwenyewe na kuinakili. Zikafuata Helix ya Line 6 mwaka 2015 na Quad Cortex ya Neural DSP ya Finland mwaka 2021. Ukitaka kilicho bora, ulijiandaa kutoa dola 1,500 hivi.

Leo hali ni tofauti. Steven Atkinson alitoa Neural Amp Modeler, programu ya bure yenye msimbo huria, na wapigaji wa nchi nyingi wakaanza kunakili amplifaya zao na kugawiana nakala. IK Multimedia ya Italia ikaleta ToneX One mwaka 2024 kwa dola 179 hivi, pedali inayoenea kiganjani. Kemper na Neural DSP nao sasa wana vifaa vidogo, vya bei iliyo chini sana ya vile vya kwanza.

Lakini wingi wa kampuni peke yake haushushi bei. Hapa mteja naye ana nguvu: sheria inampa anayenunua mtandaoni siku 14 za kurudisha bidhaa bila kutoa sababu. Thomann, duka kubwa la vyombo vya muziki la Treppendorf, linatoa siku 30, na waranti ya miaka 3. Mpigaji huagiza vifaa viwili, akavipeleka mazoezini, kisha akarudisha kilichoshindwa. Kampuni zinajua kwamba kibovu kitarudi.

Kwetu, katika muziki wa dansi, vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi. Vyombo vya NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, vilikuwa vya chama cha wafanyakazi. Mpiga solo aliyehama bendi alihama na vidole vyake. Sauti aliiacha jukwaani. Ndiyo maana naona kifaa kinachoingia mfuko wa gita ni ukombozi. Kanisani au kwenye ukumbi wa harusi, penye mikisa na spika tu, mpigaji anafika na sauti yake kamili.

Kifaa hicho kikifika Dar es Salaam bei yake hupanda, na wengi huilaumu VAT. Lakini ya Ujerumani ni asilimia 19, ya Tanzania Bara 18. Mzigo uko kwenye usafiri na ushuru wa forodha, na VAT hukokotolewa juu ya thamani ambayo tayari imejumlisha hivyo vyote. Baada ya hapo unakutana na wauzaji wachache, na ukishalipa, umelipa.

Duka la Kariakoo litakaloruhusu mteja akajaribu kifaa kwa wiki moja na kukirudisha kikiwa salama litapata wateja wa kudumu. Wapigaji wakiagiza kwa pamoja, watagawana gharama ya usafiri. Na programu ya bure haihitaji meli: studio yenye kompyuta na saundikadi inaweza kuanza sasa kunakili amplifaya kongwe za bendi zetu kabla hazijafa, ili kijana wa Tandika apige solo kwa sauti iliyolelewa Dar es Salaam. Kazi hiyo hakuna kampuni ya Ulaya itakayotufanyia.