Ripoti Niliyoandika Nakivubo

Kwa miaka sita nimeuficha uongo wangu. Leo nautoa.

Mimi ni opereta wa ekskaveta. Siku ile tulikuwa nyuma ya soko la Owino, pale mtaro mdogo unapoingia kwenye mfereji wa Nakivubo, ule unaobeba maji ya katikati ya Kampala hadi kwenye vinamasi na hatimaye ziwani, ghuba ya Murchison. Kazi ilikuwa kung'oa slabu kuukuu zilizofunika mtaro, tuzoe tope, kisha tuzirudishe. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mtaro ulijaa kaveera, yaani mifuko ya plastiki, na matambara ya mitumba hadi juu, na hatua chache kando wachuuzi walikwisha kuanza kutandika. Msimamizi alitaka tumalize kabla soko halijachangamka. Sikumwambia ngoja.

Slabu ilikuwa mita 3 kwa mita 1.5, unene sentimita 20. Zidisha: mita 0.9 za ujazo. Zege lina kilo 2,400 hivi kwa kila mita ya ujazo, basi hiyo ni kilo 2,160. Ni hesabu ya dakika moja, tena ya slabu iliyolala pakavu. Ile ilikuwa imekaa kwenye tope miaka, na tope hufyonza. Ukiivuta kwa mara ya kwanza unavuta na tope lililoikumbatia. Ilifaa vijana wailegeze kwanza kwa mitaimbo, pembe moja baada ya nyingine. Mimi niliitazama kutoka kitini nikasema moyoni: tani moja na nusu, haizidi. Sikushuka kuipima.

Jedwali la uzito lilikuwa limebandikwa kwenye kioo cha kabini. Nilikuwa nimetundika koti juu yake. Jedwali lile linasema wazi kwamba mkono ukiwa karibu, mashine inabeba. Ukiunyoosha, uwezo unashuka. Na ukigeukia ubavuni mara nyingi unashuka zaidi, kwa sababu mikanda ya chuma inayoitembeza ni mirefu kuliko nafasi iliyo kati yake. Tarakimu zake zimeachiwa akiba: hazizidi asilimia 75 ya uzito unaoweza kuipindua mashine. Lakini akiba hiyo ni ya ardhi ngumu, iliyo sawa. Mimi nilikuwa ukingoni mwa mtaro, udongo umelowa, mkono umenyooka, nimegeukia ubavuni.

Na cheni nilikuwa nimeizungushia meno ya kijiko. Mashine yangu haikuwa na tundu la kunyanyulia mizigo. Hilo peke yake lilitosha kukataa na kudai kreni.

Slabu iligoma, kisha ikang'oka kwa mpigo. Mashine ikaruka, mkanda wa upande mmoja ukaachana na ardhi, na mzigo ukaanza kuzunguka hewani. Nilipaswa kuuteremsha palepale. Nilichofanya ni kumpigia honi kijana aliyekuwa akinipa ishara, mtoto wa Bunia, ng'ambo ya mpaka, nikamwonyesha kwa mkono: ishike, inyooshe. Kamba ya kuongozea mzigo hatukuwa nayo. Nilimwona akiitikia, "Sawa, mzee," akaweka mikono yote miwili kwenye zege. Yeye ndiye aliyekuwa macho yangu. Tangu hapo sikuwa na macho.

Cheni iliteleza kutoka jino moja hadi jingine. Slabu ilishuka shibiri moja tu, ikambana na ukuta wa mtaro. Alipouchomoa mkono wa kushoto, glavu ilibaki palepale, na vidole viwili vilikuwa ndani yake.

Jioni niliandika ripoti: msaidizi alishika mzigo bila kuelekezwa. Hakuna aliyeuliza zaidi. Opereta huaminiwa, na yeye alikuwa mgeni, Kiganda hakijui, yuko hospitali. Alilipwa siku zake alizofanya kazi, akaondolewa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mfanyakazi awe mwangalifu kwa usalama wake na wa wale wanaoguswa na kazi yake. Niliisoma nikiwa nimechelewa. Siku hizi nashuka na tepu. Mzigo unafungwa kamba mbili ndefu za kuongozea, na mtu akiingia kwenye mzunguko wa mashine nazima injini, hata msimamizi apige kelele kiasi gani. Opereta mwenzangu, ukiona umemwita mtu ashike mzigo kwa mikono, jua umekwisha kukosea hatua nyingi kabla ya hiyo. Teremsha.

Kijana yule sijamwona tena. Kwenye ripoti, mahali pa chanzo cha ajali, jina lililoandikwa ni lake. Lilipaswa kuwa langu.