Kinga mbili zilale wapi? Tulizunguka Kindu toka stesheni mpaka Alunguli

Kinga mbili za kikundi chetu zimebeba mpunga na mawese mwaka mzima. Sasa vijana waliozisukuma wamerudi mashambani kwa miezi sita. Kinga hizo ndizo zinazotoa madaftari na yunifomu za watoto wetu. Zikiibwa ao zikila kutu, Septemba itatukuta mikono mitupu. Kwa hiyo tulitembea mji siku mbili kutafuta mahali pakavu, penye kufuli, na bei isiyomeza faida.

Tulianzia stesheni. Reli inayotoka Kongolo na Kibombo inaishia hapa Kindu, na mizigo inayoendelea Ubundu inashuka na mto. Ndiyo maana depo ni nyingi upande huo, zenye kuta ngumu na sakafu ya saruji. Lakini zimejengwa kwa wafanyabiashara. Depo moja ilituomba franka 5,000 kwa kinga moja kila mwezi: kinga mbili, miezi sita, ni 60,000. Tena zingesimama katikati ya magunia ya chumvi. Chumvi huvuta maji ya hewani, na chuma kilicho karibu nayo huota kutu upesi.

Sokoni, mafundi wa kinga wanalaza kinga za wateja kwa bei ndogo. Kwa usiku mmoja ni vizuri. Kwa miezi, fundi mmoja alituambia wazi: kinga isiyotembelewa na mwenyewe inapungua, leo pedali, kesho nyororo.

Kuweka katika parsele ya mwenzetu ni bure. Lakini barazani mvua inaingia, jua linapasua mipira, watoto wanachezea. Na kitu kikipotea, urafiki nao unapotea.

Basi tukavuka Lualaba. Mto hauna daraja hapa kwetu. Unalipa mtumbwi kwa ajili yako na kwa ajili ya kinga. Barabara za Kailo na Kalima zinaanzia Alunguli. Kinga inayofanya kazi ng'ambo ile ilale ng'ambo ile ile. Hapo unaokoa pesa ya kuvuka.

Huko mama mmoja mjane alituonyesha chumba cha matofali chenye bati zima, mlango mmoja na dirisha la vyuma. Kodi ni 15,000 kwa mwezi. Peke yetu tusingeweza. Tuliita vikundi viwili vingine, kila kimoja na kinga mbili. Kinga sita, 2,500 kila moja: sisi tunalipa 5,000 kwa mwezi, 30,000 kwa miezi sita. Ni nusu ya bei ya depo.

Tuliandika karatasi: jina la kila kikundi, namba iliyogongwa kwenye chuma chini ya pedali, vifaa vyote vilivyopo, na kodi ya miezi mitatu iliyolipwa. Mama mwenye nyumba alitia sahihi, na shefu wa kartie akawa shahidi. Mlango una kadena mbili. Ufunguo mmoja uko kwa mama, wa pili kwetu. Hakuna anayefungua peke yake.

Kabla ya kuweka kinga, osha matope, kausha vizuri, paka nyororo oili ya mashini. Msipake mawese: yanaganda, yanashika vumbi na kuita siafu. Itundikeni kwa kamba kwenye boriti, ao muigeuze isimame juu ya kiti na usukani, mipira isilemewe. Kila mwezi mmoja wetu anaenda kupiga pompi, kuzungusha pedali na kuhesabu vifaa akiwa na karatasi mkononi.

Chumba kina nafasi ya kinga mbili zaidi. Zikifika nane, kila kinga italipa 1,875. Kikundi kinachotaka, cha Kasuku, Mikelenge ao Alunguli, kiseme kwenye mkutano wetu ujao, na kije na namba za kinga zake zimeandikwa tayari.