Budha na Jirani wa Ng'ambo ya Ruvuma

Huenda ukashangaa, ndugu msomaji, kuliona jina la Budha likitajwa pamoja na Lukuledi. Kule Masasi na Newala watu huswali msikitini au husali kanisani, na mila za wazee zingali na nafasi yake. Hekalu la Kibudha liko mbali, Upanga mjini Dar es Salaam, ambako Wasinhala wa Sri Lanka walilianzisha enzi za Waingereza. Hata hivyo jambo ninalotaka tulitazame lilitokea kule kule kusini.

Ulimwengu uliijua Lukuledi mapema, wala si kwa heri tupu. Watawa wa Kibenediktini walijenga misheni yao huko mwaka 1895. Ikachomwa moto katika vita vya Maji Maji mwaka 1905. Oktoba 1917 Waingereza na Wajerumani wakapigana papo hapo, katika ugomvi ambao wenyeji hawakuuanzisha.

Mwaka 1964 mambo yalikuja kwa sura nyingine. Septemba ya mwaka huo FRELIMO ilianza vita vya ukombozi katika jimbo la Cabo Delgado, na maelfu ya watu wakavuka mto Ruvuma wakikimbia majeshi ya Wareno. Wengi walikuwa Wamakonde, wakaelewana kwa lugha na wenyeji wa Newala tangu salamu ya kwanza. Baadaye baadhi yao walihamishiwa Rutamba, Lindi, ambako Serikali, makanisa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi waliwasaidia kupata mashamba na kuanza maisha upya.

Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati huo alikuwa U Thant wa Burma, mwalimu wa shule aliyegeuka mwanadiplomasia, tena Mbudha wa dhati. Alishika kazi Novemba 1961, wiki chache kabla ya Tanganyika kupokewa katika Umoja huo tarehe 14 Desemba, akaiacha mwishoni mwa 1971. Hakuficha kwamba dini yake ndiyo iliyomwongoza kazini. Alizitaja tabia nne ambazo Mbudha hujifunza kuzilea moyoni: wema kwa kila kiumbe, huruma kwa anayeteseka, furaha kwa neema ya mwenzio, na utulivu usiompendelea mtu.

Wema na huruma havina ugeni kwetu. Mwana-TANU, katika ahadi yake ya kwanza kabisa, aliwakiri binadamu wote kuwa ndugu zake. Lakini furaha kwa neema ya mwenzio, hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa! Kumlilia jirani msibani ni kazi nyepesi. Kumfurahia anapoezeka bati, nawe ungali chini ya nyasi zinazovuja, kunataka moyo wa namna nyingine. Chukua habari ya maji. Mchanga wa uwanda wa Makonde huinywa mvua yote, na kwa miaka mingi akina mama waliteremka mabondeni kutafuta ndoo moja. Katika miaka ya 1970 Finland ilianza kusaidia miradi ya maji ya Mtwara na Lindi. Mlipa kodi wa Finland alilipia kisima ambacho hatakinywea maji hata siku moja. Nadhani ushirikiano wa mataifa, tukiuvua lugha ya mikutano, ndio huo. Nao mkulima wa Newala aliyempokea mkimbizi alikuwa mshiriki wake kamili, wala si mpokea misaada tu. Katika nchi nyingi za Kibudha mtawa hupita asubuhi na bakuli lake, na anayeinama kwa heshima ni yule anayetia chakula. Wafadhili wetu wangeutazama vizuri mfano huo.

Budha alisimulia habari ya mtu aliyechomwa mshale wenye sumu. Jamaa zake wakaleta mganga. Yeye akakataa mshale usitolewe mpaka aambiwe aliyeupiga ni nani, wa ukoo gani, mrefu au mfupi, na upinde wake ulikuwa wa aina gani. Alikufa kabla ya kujibiwa.

Naikumbuka hadithi hiyo kwa sababu Ruvuma imevukwa tena. Tangu mwaka 2017 Cabo Delgado imo vitani, na safari hii waliobeba silaha walishambulia hata upande wetu, katika kijiji cha Kitaya, Oktoba 2020. Hofu ya walinda mpaka inaeleweka. Lakini mwaka 2021 Shirika lile lile la Wakimbizi lilieleza wasiwasi wake kwamba maelfu ya watu waliovuka kuja kwetu kutafuta usalama, wakiwamo akina mama na watoto, walirudishwa Msumbiji. Walirudishiwa Negomano, mahali lilipo Daraja la Umoja, ambalo nchi zetu mbili zililifungua mwaka 2010.