Nilivyopatana na Tumbo Langu

Nina IBS, yaani ugonjwa wa utumbo unaokereka upesi, na ninaandika haya kwa ajili ya mtu ambaye tumbo limemsumbua miaka, amepimwa kila kitu, amemeza kila kidonge, na bado kila akitaka kupanda basi anatafuta kwanza choo kiko wapi. Mimi nilikuwa mtu huyo. Leo nafundisha vipindi vyangu vyote bila kutoka darasani mbio, nasafiri kutoka Tanga hadi Dar nikiwa nimekaa dirishani natazama mikonge, na nakula nikashiba. Sijapona. Nimetulia, na tofauti ya maneno hayo mawili naijua vizuri.

Tumbo lilinianza chuoni. Maradhi ya kuhara yalituingilia bwenini, tukalazwa wengi. Wenzangu walipona wakasahau. Kwangu kuhara kulikoma, lakini tumbo halikurudi lilivyokuwa. Wiki hii choo kinatoka kama maji, wiki ijayo kigumu kama cha mbuzi. Tumbo linajaa gesi mpaka sketi ya asubuhi haifungi jioni. Linasokota, naenda choo, linapoa kidogo, linaanza tena. Baadaye nilifahamishwa kwamba njia hii inajulikana: baadhi ya watu wanaopata maambukizi makali ya tumbo hubaki na utumbo wenye hisia kali hata baada ya vijidudu kwisha kabisa.

Lakini kwa miaka mingi hakuna aliyeniambia hivyo. Nilikokwenda kote niliambiwa nina amiba, au taifodi, au vidonda vya tumbo. Nilimeza metronidazole, vile vidonge vinavyoacha ladha ya chuma mdomoni, mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Nikionyesha karatasi ya kipimo cha Widal, dawa za taifodi zinaandikwa hapo hapo. Kipimo hicho hutafuta kingamwili, na kingamwili huweza kubaki damuni muda mrefu baada ya ugonjwa kuondoka, au kujitokeza kwa sababu nyingine. Peke yake hakitoshi kumwita mtu mgonjwa wa taifodi. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu najua wako wengi ambao hadi leo wanatibiwa kwa karatasi ile ile, na dawa za kuua vijidudu zikizidi huvuruga hata vijidudu vizuri vinavyotusaidia tumboni.

Mabadiliko yangu yalianza kwa daktari mmoja wa magonjwa ya njia ya chakula ambaye, kabla ya kugusa kalamu, aliniuliza maswali. Je, maumivu huja angalau siku moja kwa wiki? Yanaambatana na kwenda choo? Choo kimebadilika umbo au idadi? Yameanza zaidi ya miezi sita iliyopita? Hivyo ni vigezo vinavyotumika duniani, vinaitwa vya Rome, na toleo lake la nne lilitolewa mwaka 2016. Kisha akauliza mengine, polepole zaidi: damu kwenye choo, kupungua uzito bila sababu, homa, kuamshwa usiku na kuhara, upungufu wa damu, ndugu wa karibu mwenye saratani ya utumbo. Majibu yalikuwa hapana yote, na vipimo vikathibitisha.

“Mwalimu,” akaniambia, “utumbo wako ukiutazama ni mzima. Kilichoharibika ni namna unavyofanya kazi, na namna ubongo wako unavyousikia. Hakuna mdudu wa kuua hapa.”

Nililia pale kitini. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ameniambia kwamba maumivu yangu ni ya kweli na kwamba hayataniua.

Alinipeleka kwa mtaalamu wa lishe, dada mpole aliyenifundisha mpango ambao mizizi yake iko Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, Australia, ambako Peter Gibson na Sue Shepherd waliuanzisha karibu na mwaka 2005. Unaitwa FODMAP. Ni jina la kundi la wanga na sukari fupi fupi ambazo utumbo mwembamba hauzinyonyi vizuri. Zikipita huvuta maji, na zikifika utumbo mpana bakteria huzichachusha, gesi ikatoka, utumbo ukatanuka. Jambo hilo humtokea kila mtu anayekula maharage. Kwa mwenye IBS, mishipa ya fahamu ya utumbo ni myepesi kukereka, na kutanuka ambako mwingine hata hakusikii, yeye hukusikia kama kisu.

Nilipoona orodha nilishika kichwa. Kitunguu maji. Kitunguu thomu. Ngano, maana yake chapati na maandazi. Maharage, mbaazi, kunde. Maziwa. Embe, tikiti maji, asali. Kwa mtu wa Tanga, ambaye asubuhi yake ni mbaazi za nazi na maandazi ya iliki, nini kimebaki?

Kimebaki kingi. Wali, ugali wa sembe, viazi mviringo, samaki, kuku, mayai, mchicha, karoti, bilinganya, nyanya, machungwa, papai, nanasi. Bizari, tangawizi, ndimu, giligilani. Tui la nazi kwa kiasi. Shida yangu kubwa ilikuwa mchuzi, na ndipo yule dada aliponifundisha jambo ambalo limenisaidia kuliko dawa yoyote niliyowahi kumeza. Ile sukari ya kwenye kitunguu na thomu huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Kwa hiyo naweka mafuta jikoni, natia punje za thomu nzima nzima, naziacha zigeuke rangi ya dhahabu mpaka nyumba nzima inukie, halafu nazitoa zote kwa kijiko kabla sijatia nyanya wala tone la maji. Harufu inabaki, kinachonisokota kinaondoka. Mahali pa kitunguu maji natia majani mabichi ya kitunguu, yale ya juu tu, sehemu nyeupe natupa. Namalizia kwa bizari, pilipili manga na ndimu.

Mama mkwe alisimama mlangoni mwa jiko siku ya kwanza, akatazama. “Mwanangu, mchuzi gani huu usio na kitunguu?” Nikamwambia, “Mama, onja kwanza.” Akaonja, akaonja tena, akaenda zake bila neno. Jioni alirudi na bakuli. Tangu hapo ndiye mtetezi wangu kwa mawifi.

Kipindi cha kuacha ni wiki mbili hadi sita, basi. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi hukwama hapo. Wanaacha vyakula, wanapata nafuu, wanaogopa kurudi nyuma, wanaishi miaka kwa wali na kuku. Mpango haukusudii hivyo. Vyakula vingi vinavyoachwa ndivyo chakula cha bakteria wazuri wa tumboni, na kuviacha moja kwa moja kunawadhoofisha. Baada ya nafuu unarudisha kimoja kimoja, kidogo kidogo, ukiandika. Daftari langu la mazoezi ya wanafunzi likawa daftari la tumbo. Nikagundua maziwa kidogo kwenye chai hayana neno, wala mtindi. Chapati moja sawa, tatu hapana. Maharage nikiyaloweka usiku kucha, nikamwaga maji, nikayachemsha kwa maji mengine na kula kikombe kidogo, tumbo linapokea. Embe, vipande vichache. Kitunguu maji ndicho pekee ambacho mimi nacho hatukuelewana kabisa. Mwenzako mwenye IBS huenda akawa na orodha iliyo kinyume na yangu, na ndiyo maana mpango huu ufanyike na mtu wa lishe, hasa kwa mjamzito, mtoto, au aliyekwisha kukonda.

Ramadhani nilikuwa naiogopa. Saumu yenyewe hainisumbui. Kinachosumbua ni ile futari nzito inayoshuka mara moja juu ya tumbo lililolala mchana kutwa. Sasa nafungua kwa tende moja na maji, nasali Magharibi, nanywa uji wa mchele, na mihogo ya nazi naila taratibu, kiasi. Kaimati naonja moja nikiwa na watoto.

Na tiba za nje ya hospitali? Nimezijaribu, na sisemi zote ni bure. Mafuta ya nanaa yaliyo ndani ya vidonge vinavyoyeyukia utumboni hulegeza misuli ya utumbo inayokaza, na miongozo ya madaktari inayatambua. Chai ya nanaa ni dhaifu zaidi lakini baada ya chakula cha usiku inanifaa. Mwenye kiungulia awe mwangalifu. Isabgol, ile inayouzwa kwenye maduka ya viungo ya Wahindi, kijiko kwenye bilauri ya maji, hutengeneza ute unaolainisha choo kigumu na kushikanisha choo chepesi. Pumba za ngano na dona gumu vilinizidishia gesi. Tangawizi siiachi, ila sitamwambia mtu kwamba inatibu.

Kitu ninachokipinga waziwazi ni kule kusafisha tumbo. Jirani aliniletea sanamaki kwa nia njema, ninywe kila wiki. Sanamaki ni dawa ya kuharisha. Huusukuma utumbo ujikaze, na utumbo wangu ulikuwa tayari unajikaza bila kusukumwa. Shubiri chungu vivyo hivyo. Anayekuuzia dawa ya kutoa uchafu wote tumboni anakuuzia maji yako na chumvi zako za mwilini.

Liko jambo la mwisho ambalo sikulitarajia, nalo ni pumzi. Ubongo na utumbo huzungumza saa zote, na wiki ya mitihani tumbo langu lilikuwa la kwanza kujua. Huko Manchester, Uingereza, daktari Peter Whorwell na wenzake walionyesha mwaka 1984 kwamba tiba ya kumlaza mtu kwenye utulivu mzito na kumwelekeza akili juu ya utumbo wake huwasaidia wagonjwa walioshindikana. Tiba hiyo sijaipata mtaani kwangu. Nilichopata ni mazoezi ya kupumua: mkono juu ya kitovu, pumzi inaingia taratibu mpaka tumbo linainua mkono, inatoka taratibu zaidi. Nafanya alfajiri baada ya sala, na nafanya kwenye kiti cha basi tunapokaribia Chalinze. Ule woga kwamba tumbo litaniaibisha ndio uliokuwa nusu ya ugonjwa, nao umepungua.

Ndugu yangu unayesoma ukiwa na tumbo kama langu, ukiona damu, ukikonda, au tumbo likianza kubadilika umeshavuka miaka 45, nenda hospitali kabla ya kuacha chakula chochote cha orodha ile. Usipoona hayo, muulize daktari kwa jina: je, inaweza kuwa IBS? Na wewe unayepakua pilau kwenye shughuli, mgeni akisema kitunguu hakimpendi, usimwambie anaringa. Mpakulie wali mweupe na samaki, ale na wenzake.