Wevi wa Tumboni
Utumbo wa mtu ni ghala asiyoweza kuilinda kwa macho. Wevi wake hula kwa namna mbalimbali. Tegu hana kinywa wala tumbo. Hula kwa ngozi, ambayo imejaa vinyweleo vidogo mno vya kufyonzea chakula kilichokwisha sagwa na mwenyeji wake. Mchango, mnyoo mrefu wa mviringo, ana kinywa, naye humeza uji wa chakula upitapo. Hawa wawili huiba chakula. Mnyoo wa safura huiba damu.

Daktari Angelo Dubini alimwona mnyoo huyo katika maiti mjini Milan mwaka 1838. Urefu wake ni kama sentimeta moja, lakini ana meno. Huuma ukuta wa utumbo, hutia maji yazuiayo damu kuganda, kisha hunywa. Akihamia mahali pengine, jeraha la kwanza huendelea kuvuja. Mmoja hupoteza matone machache kwa siku. Mamia humaliza chuma cha mwili, na damu isiyo na chuma haibebi hewa ya kutosha.

Wachimbaji wa handaki la reli la Gotthard, katika Uswisi, walipauka na kudhoofika, hata mwaka 1880 minyoo hiyo ikatambuliwa kuwa chanzo.

Aliyeibiwa damu huhema kilimani na kusinzia darasani, na walimwengu humwita mvivu. Hivyo hudhulumiwa mara mbili: mwivi yumo ndani yake, na lawama i juu yake. Kabla ya kuhukumiwa, na apimwe.