Kompyuta yangu ya kuunga iliponitia aibu

Mwaka 2019 binti yangu alikuwa amebakisha siku nne tu kukabidhi tasnifu yake chuoni. Jioni moja akaniita sebuleni kwa ile sauti ya chini ambayo kila mzazi huiogopa. "Baba, kazi yangu haifunguki."

Papo hapo nilijua kosa ni langu. Kompyuta ile ya mezani ilikuwa fahari yangu. Niliiunga mwenyewe kwa vipuri vya mitumba kutoka Luthuli Avenue, jijini Nairobi. Majuma matatu kabla ya siku hiyo nilikuwa nimeiongezea kipande cha kumbukumbu cha bei rahisi ili iende kasi. Ilienda kasi kweli, lakini ikaanza kukwama na kujizima ovyo. Binti alipolalamika, nilimwambia apunguze haraka.

Kumbe kipande kile kilikuwa kibovu. Kumbukumbu mbovu haikwamishi mashine tu, bali huweza kuharibu hata kazi unayoihifadhi, nawe usitambue hadi siku ya kuihitaji.

Kitindamimba wetu, ambaye hushinda kwa jirani akicheza michezo ya video, ndiye aliyenimaliza. "Baba, mbona mashine yao haikwami?"

Swali hilo lina jibu. Tangu IBM ilipotoa kompyuta yake ya kibinafsi mnamo Agosti 1981, ikiwa na nafasi za kuchomekea vipuri vya kampuni nyingine, kila mtu amekuwa akichanganya apendavyo. Hakuna mwandishi wa programu awezaye kujaribu kila mchanganyiko. Lakini mtambo wa michezo kama Famicom, ambao Nintendo ilianza kuuza Japani mwaka 1983, ulikuwa wa muundo mmoja. Aliyeandika mchezo aliijua barabara mashine anayoiandikia.

Nilichomoa kipande kile na kompyuta ikatulia. Faili haikupona. Bahati nzuri, binti alikuwa amempelekea msimamizi wake nakala ya awali. Kurasa za majuma matatu aliziandika upya kwa siku tatu usiku na mchana, mimi nikiwa mpishi wa chai. Alikabidhi kwa wakati, ingawa hakunisemesha sana juma hilo.

Nilikuwa karibu kuapa kwamba sitaunga kompyuta tena. Kisha, miezi michache baadaye, stima ilipotea mtaani na kurudi kwa kishindo. Mtambo wa jirani ukafa. Fundi aliufungua akatikisa kichwa, kwani karibu kila kitu kilikuwa kimelehemiwa kwenye bodi moja. Kwangu kiliungua kifaa cha kugawa umeme peke yake. Nilinunua kingine, na kufikia jioni kompyuta ilikuwa ikinguruma.

Mzazi mwenzangu, chombo kilichofungwa kitakutumikia kwa utulivu, lakini kikifa, mara nyingi ni cha kuzikwa. Kompyuta ya kuunga hufufuka, ila kila kipuri unachoongeza ni mgeni ambaye humjui tabia. Usimkaribishe msimu wa mitihani, na kazi ya mtoto isikae mahali pamoja tu.

Siku hizi binti yangu akiniona na bisibisi mkononi, kabla ya kunisalimu huniuliza, "Baba, nakala iko wapi?"